Lowell, Mji wa Vitambaa: Cha Kuona na Cha Kuuliza

Makomredi, mtu akisema anaenda kutalii, akili inakimbilia bahari, simba au theluji ya Mlima Kenya. Ni wachache watakaofikiria kiwanda cha nguo. Lakini kule Massachusetts, Marekani, uko mji ambao watu wanasafiri kwenda kuangalia mashine za kufuma, mifereji ya maji na nyumba walimolala wafanyakazi wa karne ya 19. Mji wenyewe ni Lowell. Ukitoka Boston kwa treni unafika kwa dakika 45 hivi.

Likizo ndefu iliyopita nilikaa Lowell wiki sita kwa shangazi yangu. Wakenya ni wengi pale, kiasi kwamba unaweza kununua unga wa ugali na kusalimiwa kwa Kiswahili kwenye foleni ya duka. Nilizunguka sana, mara nyingi kwa miguu, nikiwa na jicho la mtu anayesomea ualimu: hapa wanafundisha nini, na wanafundishaje? Nataka kuwaeleza yanayoonekana pale na maana yake. Mtaona pia kwa nini habari za mji huo zinatuhusu sisi tunaosoma hapa Moi, chuo chenye kiwanda chake cha nguo.

Neno moja la kuanzia. Mji wa vitambaa huwezi kuuelewa kwa kuangalia majengo tu. Kitambaa kina safari: pamba imetoka mahali, imepita kwenye mikono ya watu, ikaenda kuvaliwa mahali pengine. Ukifika popote palipofumwa nguo, beba maswali matatu: Nguvu ilitoka wapi? Nani alifanya kazi? Pamba ilitoka wapi na kitambaa kikaenda wapi? Nitapita kwenye vivutio vya Lowell kwa kufuata maswali hayo.

Maji ndiyo yaliyoujenga mji

Lowell uko kando ya mto Merrimack, mahali ambapo mto unateremka karibu mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Ukiyalinganisha na Thomson Falls ya Nyahururu, utacheka. Lakini mto ni mpana na maji ni mengi, na kwa mwenye kiwanda hicho ndicho kilichokuwa na thamani.

Habari inaanza na Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston. Kati ya 1810 na 1812 alikuwa Uingereza, akatembelea viwanda vya nguo. Waingereza walilinda siri za mashine zao kama mboni ya jicho. Kutoa michoro nje ya nchi kulikatazwa. Yeye aliangalia tu, akaweka kichwani. Aliporudi, alishirikiana na fundi Paul Moody wakaunda mtambo wao wa kufuma, na kufikia 1814 kiwanda chao cha Waltham kilikuwa kinaingiza pamba mbichi mlango mmoja na kutoa kitambaa mlango mwingine. Lowell alifariki mwaka 1817. Mji unaoitwa kwa jina lake hakuuona. Wenzake ndio walionunua mashamba karibu na maporomoko mwaka 1821, na mwaka 1823 kitambaa cha kwanza kikatoka. Mwaka 1826 mahali hapo pakawa mji.

Leo unaweza kuyafuata maji hayo mwenyewe. Mji una karibu kilomita 9 za mifereji iliyochimbwa kwa mikono, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilifanywa na vibarua kutoka Ireland. Wakati wa kiangazi kuna mashua zinazobeba wageni kwenye mifereji hiyo, na tramu zilizotengenezwa kwa mtindo wa mwanzo wa karne ya 20 zinazokupeleka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kaa upande wa dirisha. Utaona jinsi mifereji ilivyopangwa kwa ngazi mbili: maji yanazungusha mashine za kiwanda cha juu, yanashuka, yanazungusha za kiwanda cha chini, ndipo yanarudi mtoni. Maji hayo hayo yalilipishwa mara mbili!

Mahali pa kusimama kwa muda ni Guard Locks, kwenye mlango wa mfereji wa Pawtucket. Mwaka 1850 mhandisi James B. Francis alijenga hapo lango kubwa la mbao, likaning'inizwa juu ya mfereji kungoja mafuriko makubwa. Watu wakamcheka, wakaliita upumbavu wa Francis. Miaka miwili haikupita, mto ukafurika mwaka 1852. Mnyororo ukakatwa, lango likaanguka, mji ukapona. Lilitumika tena mwaka 1936. Francis huyo ndiye aliyeboresha mtambo wa kuzungushwa na maji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Bwawa la Julius Nyerere kule Tanzania lina mitambo 9 ya aina hiyo. Kwa hiyo wale wenzetu wa fizikia wakiuliza faida ya kutembelea mfereji wa zamani, jibu ni hilo. Kwenye jengo la zamani la kiwanda cha Suffolk unaweza kuona jinsi maji yanavyozungusha gurudumu, na gurudumu linavyozungusha mikanda hadi kwenye mashine ya kufuma.

Ndani ya Boott: sikia kwanza, soma baadaye

Kivutio kikuu cha Lowell ni makumbusho ya kiwanda cha pamba cha Boott. Ghorofa ya chini kuna ukumbi wa kufumia wenye mashine zaidi ya 80. Kabla hujaingia unapewa vijiti vya kuziba masikio. Usikatae kwa ushujaa, bana. Siku niliyoenda hazikuwashwa zote, ni chache tu zilizofanya kazi, lakini sakafu ilitetemeka hadi kwenye magoti. Nilijaribu kumwambia neno mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwangu, akatikisa kichwa. Sasa fikiria zote zinanguruma, madirisha yamefungwa ili hewa ibaki na unyevunyevu na nyuzi zisikatike, na vumbi la pamba linaelea kama ukungu wa Timboroa asubuhi.

Hapo nilielewa jambo moja la ualimu. Unaweza kuandika ubaoni kwamba wafanyakazi wa viwanda walipoteza uwezo wa kusikia, wanafunzi wakanakili, wakapita mtihani. Dakika tano ndani ya ukumbi ule zinatosha kuwafanya wasihitaji kunakili.

Angalia pia kile kidude cha mbao chenye ncha mbili, kinachobeba uzi kikiruka kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine. Uzi ulipokwisha, mfumaji aliweka mpya na kuuvuta kwenye tundu kwa kunyonya kwa mdomo. Aliyempokea kazi akanyonya hapo hapo. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kawaida siku hizo, kwa hivyo kidude hicho kikapata jina la busu la kifo. Kitambaa kinachofumwa ukumbini hadi leo kinashonwa taulo za jikoni na kuuzwa dukani mle mle. Shangazi anayo moja, na anakataza mtu kuitumia kushikia sufuria.

Ghorofa ya juu kuna maonyesho ya historia: picha, mashine, sauti za wafanyakazi wa zamani. Usiipite haraka, maana hapo ndipo swali la pili linapoanza kujibiwa.

Nyumba ya wasichana

Karibu na Boott kuna jengo refu la matofali linaloitwa Mogan Cultural Center. Zamani upande huo palikuwa na nyumba za kulala za wafanyakazi, na ndani wametengeneza upya jiko, chumba cha kulia na chumba cha kulala. Wafanyakazi wa kwanza wa Lowell walikuwa wasichana wa mashambani wa New England, wengi wao wa umri wetu au chini. Lucy Larcom, ambaye baadaye alikuwa mshairi na mwalimu, aliingia kiwandani akiwa na miaka 11.

Maisha yao yaliongozwa na kengele. Ya kuamka, ya kuingia, ya kula, ya kulala. Kwa wastani walifanya kazi saa 73 kwa wiki. Chumba kimoja kililaza wanne hadi sita, wawili kitanda kimoja. Ilipofika saa nne usiku mlango ulifungwa, na kwenda kanisani lilikuwa sharti la kazi. Aliyewahi kukaa bweni la shule ya wasichana hapa kwetu atatambua mengi, tofauti ni kwamba wale walilipwa.

Na pesa hizo zilikuwa na maana. Kwa wengi ndiyo mara ya kwanza mwanamke kushika mshahara wake mwenyewe. Wengine walijinunulia vitabu, wengine waliweka akiba ya kuolewa, na wapo waliotuma nyumbani kulipa madeni ya shamba au kumsomesha kaka chuoni.

Nilienda kuliona jengo hilo na shangazi, siku yake ya mapumziko. Amekaa Lowell miaka 11 na hajawahi kuingia, ingawa basi lake la kazini linapita pale. Anafanya kazi ya usiku kutunza wazee. Aliposoma kibao kuhusu wasichana waliotuma pesa ili kaka zao wasome, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa si ni sisi tu." Mimi sikuwa na la kujibu. Karo yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili ilitoka Lowell, kwa zamu za usiku. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia makumbusho ni mambo ya watu waliokufa, namwangalia tu.

Wasichana wale hawakukaa kimya. Mwaka 1834 kampuni zilipotangaza kupunguza mshahara, karibu wasichana 800 walitoka kazini. Mgomo ulizimwa ndani ya siku chache. Mwaka 1836 gharama ya malazi ilipopandishwa, wakatoka karibu 1,500, na safari hii sehemu ya nyongeza ikaondolewa. Miaka ya 1840 Sarah Bagley aliongoza chama cha wanawake wafanyakazi kudai siku ya kazi ya saa 10. Mwaka 1845 walitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Kamati ikasema hilo si jukumu la bunge. Mwenyekiti wake, William Schouler, alitoka Lowell. Wanawake hawakuwa na kura, lakini walimpiga kampeni hadi akaanguka uchaguzini. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilikuja Massachusetts mwaka 1874.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa gazeti la wanafunzi hatuwezi kuliruka. Kuanzia 1840 hadi 1845 wasichana hao walikuwa na jarida lao, Lowell Offering, lililoandikwa na wafanyakazi wenyewe: hadithi, insha, mashairi. Charles Dickens alipopita Lowell mwaka 1842 alilisifu. Lakini Bagley alilalamika hadharani kwamba jarida halichapishi malalamiko kuhusu kazi, na kwamba linapamba sura ya kampuni. Yeye na wenzake wakahamia gazeti la wafanyakazi, Voice of Industry. Ukisimama mbele ya nakala za Offering, zikiwa zimechapishwa vizuri, swali ni lile lile tunalobishania kila mwaka wakati wa kuchagua wahariri: gazeti ni la nani kama haliwezi kusema linalowauma wenye gazeti?

Baada ya wasichana hao walikuja Wairishi, Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, Wapolandi, Wareno. Kila kundi lilipokewa kwa kunung'unikiwa, likafanya kazi, likajenga kanisa lake, likanung'unikia waliofuata. Tangu miaka ya 1980 wamefika Wakambodia wengi waliokimbia vita, na sasa Waafrika. Historia hiyo unaweza kuila: unatoka makumbusho, unavuka mtaa, unachagua kati ya supu ya tambi ya Wakambodia na mkate wa Wagiriki.

Pamba kutoka Kusini, merikani hadi Unguja

Sasa swali la tatu, lile ambalo mgeni wa haraka halifikii. New England haioti pamba. Baridi ni kali. Pamba ya Lowell ilitoka majimbo ya Kusini, na hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, ililimwa na kuvunwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Tena sehemu ya kitambaa kigumu kilichofumwa kaskazini kilirudishwa Kusini kuwavisha watumwa wale wale, na wao walikiita kwa jina la mji: lowell. Mwaka 1848 mwanasiasa Charles Sumner alisema waziwazi kwamba kuna muungano kati ya mabwana wa mijeledi na mabwana wa mitambo ya kufuma. Makumbusho ya Boott yanalisema jambo hili. Tafuta sehemu hiyo uisome, kwa maana bila hiyo ziara nzima inakuwa sifa kwa mashine.

Kitambaa kilisafiri pia hadi kwetu. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, walifanya mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard P. Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Kitambaa hicho kilitoka viwanda vya Massachusetts, na watu wa pwani wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Kilikuwa kizito na kilidumu, basi misafara ikakibeba hadi bara, kikawa kama pesa. Kilipimwa kwa shuka na doti, shuka mbili kufanya doti moja. Kwa hiyo neno ambalo bibi zetu walitumia dukani lina anwani, na anwani yake ni viwanda kama vile vya Lowell.

Vita vilipoanza 1861, pamba ya Kusini ikakatika. Kampuni nyingi za Lowell ziliuza pamba zilizokuwa nayo ghalani kwa faida na kusimamisha mitambo, wafanyakazi wakabaki bila kazi. Huku kwetu merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Vita vya nchi moja viliwaacha wafumaji wa Lowell bila kazi na wachukuzi wa pwani bila bidhaa waliyoizoea.

Ukiwa Lowell na una siku ya ziada, malizia somo hili Salem, mji wa bandari ulio mashariki. Pale kuna makumbusho ya Peabody Essex, ambayo chimbuko lake ni mabaharia wa Salem waliokusanya vitu vya safari zao, na bandari ya zamani inayotunzwa na idara ya hifadhi za taifa. Salem pia palikuwa na kiwanda cha Naumkeag, kilichoanza kazi 1847, na merikani yake iliuzwa sana Unguja. Watalii wengi huenda Salem kwa sababu ya habari za wachawi wa 1692. Wewe nenda gatini, ukaangalie bahari ambayo doti zetu zilipitia.

Vingine vya karibu, kwa ufupi

Lawrence ni mji mwingine wa nguo, chini kidogo kwenye mto huo huo. Mwaka 1912 wafanyakazi wake, wahamiaji wa lugha chungu nzima, waligoma majira ya baridi kali na wakashinda nyongeza ya mshahara. Anayesomea historia ya vyama vya wafanyakazi asiukose.

Ndani ya Lowell kuna makumbusho ya mablanketi ya viraka, New England Quilt Museum. Nilidhani yatanichosha, nikakaa saa mbili. Kuna nyumba alimozaliwa mchoraji James McNeill Whistler mwaka 1834, na kuna bustani ya kumbukumbu ya mwandishi Jack Kerouac, aliyezaliwa Lowell 1922 katika familia ya Wakanada wa Kifaransa. Kaburi lake liko makaburi ya Edson, na wasomaji humwachia kalamu juu ya jiwe. Mwishoni mwa Julai kuna tamasha la muziki wa jadi, Lowell Folk Festival, mitaani, bila kiingilio. Na ukitaka kupumua, Walden, lile ziwa dogo la Henry David Thoreau, liko Concord, kusini mwa Lowell. Ila bila gari ni shida kufika.

Ushauri wa nauli na viatu: anzia kituo cha wageni cha Market Mills, hakuna kiingilio, uchukue ramani. Nenda kati ya Juni na Septemba ukitaka mashua. Vaa viatu vya kutembea.

Mji ulioanguka ukajigeuza darasa

Usije ukadhani Lowell ilikuwa hivi siku zote. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni zilihamia Kusini penye mishahara midogo, au zikafa. Boott ilifungwa katikati ya miaka ya 1950. Miaka ya 1960 viwanda vya Merrimack, vile vya kwanza kabisa, vilibomolewa pamoja na nyumba zake za kulala. Wenyeji waliona haya kusema wanatoka Lowell.

Aliyebadili mawazo alikuwa mwalimu. Patrick Mogan, ambaye baadaye aliongoza shule zote za mji, alisema mji mzima unaweza kuwa shule: mifereji, viwanda na hadithi za wahamiaji ndivyo vitabu. Watoto waliokuwa wanafeli, kwa maoni yake, walihitaji kuona kwamba wazazi wao ni sehemu ya historia yenye maana. Wanasiasa waliingia baadaye, na mwaka 1978 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuunda hifadhi ya kihistoria ya taifa pale. Leo ndani ya Boott kuna kituo kinachoitwa Tsongas Industrial History Center, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa hifadhi hiyo na kitivo cha elimu cha chuo kikuu cha UMass Lowell. Wanafunzi wa shule wanakuja, wanafuma kwa mikono, wanajenga mifereji midogo na kuona kama gurudumu litazunguka, wanapangwa kwenye mstari wa uzalishaji hadi wanaanza wenyewe kulalamika kwamba kasi imezidi.

Chuo chenyewe kina asili ya kutuvutia. Kulikuwa na chuo cha ualimu na kulikuwa na chuo cha ufundi wa nguo, vyote vya miaka ya 1890. Vikaunganishwa mwaka 1975.

Sasa tujiangalie. Chuo chetu kina kitivo cha elimu na kina Rivatex, kiwanda tulichonunua mwaka 2007 baada ya kufilisika. Kilifungwa mitambo mipya kwa mkopo wa serikali ya India na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Eldoret ni mji wa nguo, iwe tunajua au hatujui. Wazazi wa baadhi yetu walifanya kazi viwandani hapa kabla mitumba na soko huria la miaka ya 1990 kuvipiga magoti, kama vilivyopigwa vya Kisumu.

Nikiwa darasa la saba tulipelekwa ziara ya kiwanda kimoja. Tulipangwa mstari, tukaonyeshwa geti na ukuta, meneja akatuambia tusome kwa bidii, tukapewa soda na mkate, tukarudi tukiimba kwenye basi. Hakuna aliyetuambia pamba inatoka wapi. Hakuna mfanyakazi aliyesema neno. Ziara ya namna hiyo ndiyo wanafunzi wengi wanayoijua, na sisi ndio tutakaoiendesha tukishaajiriwa.

Sisemi tugeuze Rivatex makumbusho. Kiwanda kinachofanya kazi ni bora kuliko kilichohifadhiwa vizuri. Hata Lowell wangechagua mishahara kuliko watalii. Tena makumbusho hayamalizi shida. Sehemu ya majengo ya Boott leo ni nyumba za kupanga za kodi ya juu, na shangazi anakaa mbali na hapo kwa sababu hiyo hiyo.

Ninachosema ni kidogo na kinawezekana muhula huu. Walimu wanafunzi kumi, simu za kurekodi, na wazee waliofuma Eldoret miaka ya 1980 kabla hawajaondoka na habari zao. Maswali ni yale matatu: nguvu ilitoka wapi, nani alifanya kazi, pamba ilitoka wapi na kitambaa kikaenda wapi. Wenzetu wa uhandisi wa nguo watueleze mashine, sisi tutengeneze somo la dakika 40 ambalo mtoto wa darasa la saba atashika pamba yenye mbegu mkononi, atajaribu kusokota uzi, utakatika, atajaribu tena. Anayetaka kushiriki aache jina lake ofisi ya wahariri kabla ya wiki ya sita. Mzee wa kwanza ameshakubali, na anasema bado anakumbuka ile king'ora ya zamu ya alfajiri.